Amri Isiyokatiwa Rufaa

Bosi wangu alinipiga kwa mkanda wa mashine asubuhi, msimu wa mavuno, mbele ya wakulima waliokuwa wamepanga magunia yao kuanzia mlangoni hadi barabarani. Nilikuwa msimamizi wa mashine yake ya kukoboa mpunga hapa Ifakara. Mimi ndiye niliyepokea mpunga, niliyepanga foleni, niliyegombana na madereva wa pawatila, yale matrekta madogo ya mkono, kutoka Idete waliotaka kuwapita wenzao. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine hiyo hiyo. Tulifahamiana palepale, kwenye vumbi la pumba, na hata baada ya kuoana nyumba yetu iliendelea kutegemea mishahara ya bosi mmoja.

Siku hiyo mzee mmoja, mbeba magunia, aliteleza. Gunia likapasuka na mchele ukamwagika kwenye tope. Bosi alichukua mkanda mchakavu uliokuwa umetundikwa ukutani akaanza kumchapa yule mzee mgongoni, na wala si fimbo moja ya kumkaripia. Alimchapa kama mtu anayeua nyoka. Mzee alijikunja chini, mikono kichwani, akisema, "Nisamehe baba, nisamehe baba," na huyo aliyemwita baba alikuwa na umri wa mwanawe wa kuzaa.

Niliingia katikati. "Bosi, utamuua!"

"Toka."

"Sitoki."

Mkanda ulinipata usoni. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Mdomo wa juu ulipasuka, damu ikashuka kidevuni mpaka kwenye kitenge. Mume wangu aliacha mashine ikinguruma, akaja akiwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyefufuka, akamshika bosi ukosi wa shati na kumpiga kichwa cha pua. Wakaanguka wote kwenye lundo la pumba. Wakulima waliwatenganisha kwa shida, maana mume wangu ni mtu mpole sana, na mtu mpole akishaanza hajui pa kuachia.

Tuliondoka siku hiyohiyo. Polisi walitueleza kwamba tukifungua kesi ya mdomo wangu, na yeye atafungua ya pua yake. Tukaacha.

Tulikuwa tumeweka akiba, na kaka yake mume wangu, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa, aliuza baadhi ya ng'ombe akatuongezea. Tulinunua mashine iliyotumika, mume wangu akaifumua yote na kuiunda upya, tukaifunga kwenye banda la mabati kule Lumemo. Wakulima walitufuata. Sikuwaita. Walikuja wenyewe, wengine wakisema walikuwepo siku ile ya mkanda.

Bosi alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa bado ya puani. "Wewe mwanamke, ulisaini mkataba. Bonde hili hutakoboa hata punje. Utakoboa kaburini."

Mkataba ni kweli nilisaini. Kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba nikiacha kazi, kwa miaka mitatu nisifanye biashara ya kukoboa mpunga mahali popote katika bonde la Kilombero. Nilikisaini nikiwa binti, siku ya kwanza ya kazi, nikiwa na haraka ya kuanza. Nilidhani maneno yale yanawahusu watu wakubwa, wenye viwanda.

Wiki chache baadaye alikuja dalali wa mahakama, mtu mwenye adabu zake, amevaa koti kwenye joto lile. Alinisalimia vizuri, akaniambia ameleta amri ya zuio la muda. Bosi alikuwa amefungua kesi, na kabla hata sijaitwa kusikilizwa ameomba nizuiwe kuendesha mashine mpaka kesi isikilizwe. Mahakama ilikuwa imekubali kwa kusikiliza upande mmoja. Dalali alikuwa anasoma taratibu, akifuata mistari kwa kidole.

Hakuja peke yake. Nyuma yake lilisimama pikapu la bosi, na ndani yake vijana wa mazoezi, vifua vimetuna, wengine na nondo mikononi. Dalali aligeuka akawaambia, "Ninyi sikuwaita." Mmoja alimsogeza pembeni kwa kiganja kama mtu anavyosogeza pazia.

Mume wangu alikuwa kwenye mashine, hakusikia lililosomwa. Kijana mmoja alimpigia kelele azime. Akasema anamaliza gunia lililo kwenye mdomo wa mashine, mpunga wa watu usiharibike. Kijana akainua nondo akapiga kisanduku cha kuchujia, bati likabonyea. Mume wangu akamrukia. Walisukumana mara moja, mara mbili, halafu kijana wa pili akamsukuma mume wangu kwa nyuma, kwa mikono miwili, akaenda na mkono wa kulia mbele.

Mkanda ukaumeza mkono.

Sitaeleza sauti ile. Nilikimbilia kwenye injini nikavuta kizimio, lakini gurudumu la injini ya dizeli halisimami papo hapo, linazunguka kwanza. Liliposimama, mkanda ulikuwa mwekundu, mchele uliokuwa ukitoka ulikuwa mwekundu, na mume wangu alikuwa amekaa chini akiutazama mkono wake kwa mshangao, kama wa mtu mwingine. Vidole vitatu havikuwepo. Wale vijana walikuwa wameshapanda pikapu. Dalali, yule mwenye koti, ndiye aliyevua koti lake akaufunga mkono, akatubeba kwa gari lake hadi hospitali. Njia nzima alikuwa analia na kusema, "Mama, mimi nilileta karatasi tu. Mimi nilileta karatasi tu."

Kijana aliyesukuma alikimbia bonde na mpaka leo hajapatikana. Bosi aliandika maelezo kwamba hakumtuma mtu.

Wakili tuliyempata alikuwa binti mdogo tu, ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la dawa. "Shikamoo mama," alinisalimia, akanivutia kiti. Nilikuwa bado na nguo zenye damu iliyokauka, sikuwa nimerudi nyumbani.

"Nataka rufaa," nilimwambia. "Leo."

Alisoma ile amri mpaka mwisho, akavua miwani. "Mama, amri hii haikatiwi rufaa."

"Kwa nini? Hakimu hakunisikiliza!"

"Ndiyo, hukusikilizwa. Lakini ni amri ya muda. Haijasema nani ana haki, imesema tu subirini. Sheria yetu hairuhusu kukata rufaa dhidi ya amri ndogo iliyotoka kesi ikiwa njiani, isipokuwa amri hiyo iwe imeimaliza kesi yenyewe. Kila mtu angekata rufaa kwa kila amri, kesi zisingeisha. Kinachotakiwa ni turudi kwa hakimu yuleyule, tumwombe aiondoe, maana aliitoa bila kukusikia."

"Kwa yuleyule?"

"Kwa yuleyule."

Nilipeleka maneno hayo hospitalini. Mume wangu alinisikiliza, mkono umefungwa bandeji kama kichwa cha mtoto mchanga. Kaka yake alikuwa amesimama kando ya kitanda, fimbo yake ameiegemeza ukutani kwa sababu manesi walimkataza kuishika.

"Mimi nimeliwa vidole na mashine," mume wangu alisema, "na sheria inasema mke wangu akabembeleze?"

"Siyo kubembeleza. Ni maombi."

"Maombi ni kanisani."

Kaka yake alichukua fimbo yake. Walitazamana, nikaona macho yao yanaongea, nikamwambia, "Shemeji, usiende popote." Akaniamkia kwa heshima kama alivyozoea, akasema, "Shemeji, napeleka ng'ombe maji." Mume wangu akageukia ukuta. Akasema neno moja tu, kwa Kisukuma, ambalo nalijua. Alimwambia nenda.

Shemeji hakwenda kwa ng'ombe, alikusanya watu wakaelekea kwa bosi, nami nikawafuata kwa bodaboda. Walikuwa vijana wa boma la shemeji, wana fimbo na mmoja ana panga, walitangulia kwa pikipiki zao, na dereva wangu aligoma kukimbia kwenye mashimo. Nilipofika kwa bosi wangu wa zamani, jua bado likiwa kali, geti lilikuwa wazi. Bosi hakuwepo. Alikuwa amesafiri tangu juzi yake. Waliyemkuta ni mlinzi.

Yule mlinzi nilikuwa nakula naye ugali mchana kwa miaka. Mtu wa ng'ambo ya mto, wa Lupiro, anayependa kucheka. Alikuwa amelala chali mbele ya kibanda chake. Walimpiga kwa sababu alikataa kusema bosi yuko wapi, na alikataa kwa sababu hakujua. Sikio moja lilikuwa limechanika, likining'inia, na mdomo wake ulikuwa unafumba na kufumbua kama wa kambale aliyetupwa nchi kavu. Shemeji alikuwa amesimama juu yake, anahema, fimbo imevunjika mkononi.

"Huyu amekukosea nini?" nilimpigia kelele. "Huyu amekukosea nini?"

Aliangalia chini kama aliyeamshwa usingizini. "Ni mtu wao," alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu tena.

Polisi waliwakuta palepale. Shemeji hakukimbia, wala hakukana mahakamani. Alifungwa.

Tuliporudi kwa hakimu kuomba zuio liondolewe, wakili wa bosi alikuwa na silaha mpya. Alileta picha za mlinzi. Alisema sisi ni watu wa vurugu, tusioheshimu amri, na kwamba mashine yetu iliundwa kwa vipuri vya wizi vilivyotoka kwa mteja wake. Binti yule wakili wetu alisimama akapinga, akasema wizi haujathibitishwa, akasema mlinzi ana kesi yake na zuio lina yake. Nilitazama zile picha zikipita mkono kwa mkono na nikajua tumekwisha. Mimi mwenyewe kama ningekuwa hakimu ningekasirika.

Amri mpya ilitoka. Mashine iondolewe kwetu na akabidhiwe bosi. Mimi nisikoboe mpunga, wala kumsaidia mtu kukoboa, mahali popote bondeni kwa miaka yote mitatu ya mkataba.

Walikuja kuichukua na lori. Wanakijiji walijaa. Mume wangu alikuwa ametoka hospitali, nikamfungia ndani kwa kufuli na nikauweka ufunguo kwenye sidiria. Aliupiga mlango kwa bega mpaka bawaba zikalia. Nje, vijana wale walioipakia hawakuifungua nati hata moja. Waliing'oa kwa minyororo. Zege lilipasuka, miguu ya mashine ikapinda, injini ikadondoka kwenye bodi ya lori kwa kishindo kilichowafanya kuku wa jirani waruke. Mama mmoja aliyekuwa na magunia yake ya mpunga bandani alilikamata gurudumu la lori akakaa chini mbele yake, wakamvuta kwa miguu, gauni likapanda mpaka kiunoni. Nikavua khanga nikamfunika. Kijana mmoja akacheka. Nilimpiga kofi. Naye akanipiga ngumi ya tumbo, nikakaa chini pembeni ya yule mama, tukawa wawili hatuna pumzi.

Nilipomfungulia mume wangu, banda lilikuwa tupu. Alizunguka mle ndani. Halafu akanigeukia akainua ule mkono mbovu, ule wenye kidole gumba na kidole kimoja, akauinua juu ya uso wangu.

Sikurudi nyuma. Nilimwambia taratibu, "Niliondoka kwa yule kwa sababu alinipiga. Ukinipiga, na kwako nitaondoka."

Aliushusha mkono, akakaa kwenye zege lililopasuka na kulia kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilia, hata hospitalini. Nilikaa naye. Hajauinua tena, na sitaki kusema ilikuwa rahisi kwake au kwangu. Kulikuwa na siku tulikula kila mtu chumba chake.

Kesho yake nilipanda ngazi za ofisi ya wakili nikiwa nimeinama kwa maumivu ya tumbo. Nilimwambia nimekuja kuchukua jalada langu, nimeshindwa. Alikuwa na ile amri mpya mezani.

"Kaa kwanza mama. Niambie, huyu bosi kwenye kesi yake anaomba nini?"

"Unajua."

"Nataka useme."

"Anataka nisikoboe kwa miaka mitatu. Na anataka mashine."

"Na kwenye amri hii ya muda amepewa nini?"

Alinisogezea karatasi ingawa nilikuwa najua kilichoandikwa.

"Kila kitu," nilisema.

"Basi kesi imebaki na nini cha kusikilizwa? Miaka mitatu ikiisha, hata ukishinda umeshinda hewa. Imeitwa ya muda, lakini rufaa haitazami jina la amri, inatazama imefanya nini. Ile ya kwanza ilikuwa inasubirisha. Hii imemaliza." Akavaa miwani yake. "Hii inakatiwa rufaa."

Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema wakili mwenye hakika ni wa kukimbiwa, lakini yeye atakwenda Mahakama Kuu.

Tulikwenda Morogoro mimi na yeye. Mume wangu alibaki, nilihofia atakachofanya akimwona bosi uso kwa uso. Bosi alikuwepo, suti nzuri, pua imepinda kidogo kushoto. Wakili wake alisimama kwanza kwa pingamizi: rufaa hii itupwe, hii ni amri ya zuio la muda na amri kama hizo hazikatiwi rufaa. Ni maneno yaleyale niliyoambiwa nikiwa na damu kwenye nguo.

Wakili wetu alijibu kwa kifupi. Halafu jaji, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo, akamwuliza wakili wa bosi, "Baada ya amri hii, mteja wako alibakiwa na kitu gani cha kuja kudai kwenye kesi ya msingi?"

Wakili alifungua kitabu chake. Akataja gharama za kesi.

"Mbali na gharama."

Alifunga kitabu.

Uamuzi ulisomwa siku nyingine. Amri ile ilifutwa, mashine irudishwe, na kesi ikasikilizwe na hakimu mwingine, pande zote zikiwepo. Jaji alisema pia kwamba vurugu za ndugu zetu zina mahakama yake, hazigeuzwi kuwa hukumu ya mkataba. Tulipotoka kwenye korido, bosi alimfuata wakili wangu, akamshika mkono wa juu kwa nguvu, akamwambia, "Wewe mtoto, utarudi Ifakara kwa njia gani?" Askari wa mahakama alimkunja mkono mgongoni kabla sijamfikia. Nilikuwa nimeshavua kiatu.

Mashine ilirudi ikiwa na ufa kwenye injini na kisanduku cha kuchujia hakipo. Ilichukua muda mrefu kuifufua. Mume wangu alikuwa anaelekeza, anashika spana kwa mkono wa kushoto, inadondoka, anaokota, inadondoka. Siku nyingine aliitupa ukutani. Kesi ya msingi ilisikilizwa mwaka uliofuata. Yule mzee mbeba magunia alikuja akavua shati mbele ya hakimu bila kuulizwa, akageuka kuonyesha makovu ya mkanda mgongoni. Mahakama iliona kifungu cha mkataba kinaniziba riziki bonde zima bila sababu, na madai ya vipuri hayakuwa na ushahidi. Bosi alishindwa. Safari hii yeye ndiye aliyekata rufaa, na ile inaruhusiwa, maana ni hukumu. Bado haijapangiwa tarehe. Tunakoboa.

Shemeji alitoka gerezani amekonda, ng'ombe wamepungua. Jambo la kwanza aliloomba ni tumpeleke Lupiro, kwa mlinzi. Tulivuka daraja mimi, yeye na mume wangu, na ndama mmoja kwenye bajaji ya mizigo.

Mke wa mlinzi alitukuta uani. Alipomtambua shemeji, alichukua mchi wa kinu. Shemeji hakusogea. Mchi ulimpiga begani, mara ya kwanza, mara ya pili, nikasikia mfupa ukilia. Mume wangu alitaka kuingilia, nikamshika. Mlinzi mwenyewe alitoka ndani, akigeuza kichwa ili sikio zima lielekee kwetu, akasema, "Mama watoto, basi."

"Shikamoo baba," nilimwambia.

"Marahaba." Alitutazama mmoja mmoja. Nilimweleza kwamba tumeshinda Mahakama Kuu, kwamba mashine imerudi, kwamba tungependa aje afanye kazi kwetu. Nilikuwa naongea haraka. Nilisikia jinsi nilivyokuwa naongea.

"Kwa hiyo ninyi mlikata rufaa," alisema.

"Ndiyo baba."

"Nami nikakate wapi?"

Shemeji alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, mkono mmoja umeshikilia bega lake. Mlinzi hakumwinua, wala hakumfukuza. Alikwenda kwenye bajaji, akamfungua ndama kamba, akampeleka kivulini, akamwekea maji kwenye ndoo iliyokatwa. Mke wake bado alikuwa na mchi. Akatuambia tuondoke kabla hajabadili mawazo, tukaondoka, na bega la shemeji lilikwenda kufungwa hospitali ileile, kwenye wodi ileile, na yule nesi aliyemkataza fimbo.